Vitufe Visivyo na Majina

Darasani walimwita Mpelelezi, na jina hilo hakupewa bure. Kalamu ya mtu ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kutazama vidole vya wenzake kama vina wino. Mtu akichelewa na kusingizia tope la njiani, yeye huinama kidogo akaangalia viatu. Mara nyingi alipatia, na kila alipopatia shingo yake ilirefuka. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na miwili, mwenye macho makubwa ambayo baba yake, seremala, aliyaita tochi.

Kila siku akitoka shule alibadili sare, akala kilichowekwa jikoni, kisha akaosha vyombo huku akisikia kibodi ya mama yake ikilia chumba cha nyuma. Mama alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, lakini hakutengeneza programu nzima. Alitengeneza vipande vyake: vitufe vya kubonyeza, vitelezi vya kusogeza ili kuongeza au kupunguza sauti, visanduku vya kuchagulia tarehe. Vyote alivikusanya pamoja, na mkusanyiko huo ukaitwa maktaba, ijapokuwa haukuwa na kitabu hata kimoja. Watengenezaji wengine waliichukua maktaba hiyo wakapachika vipande vyake katika programu zao.

"Mimi na mama yenu kazi yetu ni moja," baba alipenda kusema. "Mimi natengeneza mlango, yeye anatengeneza kitasa. Ila kitasa chake hakishikiki."

Kompyuta huja na vitufe vyake vya kawaida, vya mraba na vya kijivu. Vya mama vilikuwa vingine kabisa. Vingine alivipaka tu rangi mpya juu ya vile vya kawaida, lakini vingi alivichora mwenyewe tangu mwanzo, vya mviringo, vinavyobonyea kama mto wa kochi. Kabla ya kuvitoa nje ilikuwa lazima vijaribiwe. Kwanza kompyuta yenyewe ilijaribu: programu ndogo ilibonyeza kila kipande, na kilichoitika kikapata alama ya kijani. Kisha mama alitaka mtu.

"Aliyepika hajui kama chumvi imezidi," alimwambia binti yake. "Ulimi wake umeshazoea. Wewe mwenye macho ya tochi, hebu nionjee."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila kipande kilijaribiwa kwa njia tatu. Kwanza kwa kipanya. Pili kwa kibodi peke yake, bila kugusa kipanya. Tatu kwa kibodi huku skrini imefunikwa na programu ya kusoma imewashwa, ile inayotaja kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini.

Programu hiyo ya kusoma ilikuwa ndiyo macho ya kaka yake. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne. Homa kali ilimwacha haoni, ikamla na miaka miwili ya masomo, akarudi shuleni akajikuta darasa moja na mdogo wake. Wanafunzi walimwita Msanii. Hakuwa mchoraji wala mwimbaji. Fani yake ilikuwa visingizio. Siku asiyotaka hesabu, vipokea sauti vyake vya masikioni viliharibika vyenyewe, na siku ya pili vikapona bila fundi.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekubali asome pale hadi mwisho wa muhula kwa sharti moja: mazoezi yake ayafanye na kuyawasilisha mwenyewe, bila kushikwa mkono. Ikishindikana, angehamia shule ya bweni yenye walimu wa wasioona, safari ya kutwa nzima kutoka nyumbani. Ilikuwa shule nzuri, kila mtu alisema hivyo. Lakini nyumbani hakuna aliyependa kuizungumzia wakati wa kula.

Basi, alasiri ile ya kujaribu, msichana alianza vizuri. Alifunika skrini kwa taulo, akavaa vipokea sauti, akabonyeza kitufe cha Tab, kile cha kibodi kinachokuhamisha kutoka kipande kimoja kwenda kingine.

"Kitufe. Hifadhi," ilisema sauti, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Akabonyeza tena. "Kitufe. Futa."

Nje ya dirisha wenzake walikuwa wanaruka kamba, na mmoja alikuwa akimwita jina lake la utani. Msichana akafikiri. Viwili vimesema, vilivyobaki vitakuwa mabubu kwa nini, ilhali mama yao ni mmoja? Akaondoa taulo, akavua vipokea sauti, akavimaliza vingine vyote kwa kipanya, haraka haraka. Viliitika vyote.

"Viko sawa, mama," alisema mlangoni, mguu mmoja tayari uko nje.

"Kwa njia zote tatu?"

"Zote."

Mama akamshukuru na kumpapasa kichwa. Msichana akaenda kuruka kamba.

Haukupita muda mrefu, programu ya masomo waliyotumia shuleni ikaletwa mpya, na ndani yake mlikuwa na vitufe vya mama. Msichana alitembea chumba cha kompyuta kifua mbele akiwaonyesha wenzake. Ilikuwa juma lile lile walipoanza sehemu za hesabu, robo na thuluthi, ambazo kaka yake alizichukia kuliko uji wa baridi. Na ilikuwa hapo hapo kaka alipoacha kuwasilisha mazoezi.

"Sioni pa kuwasilishia," alimwambia mwalimu wa kompyuta.

Darasa likacheka, kwa sababu neno "sioni" kinywani mwake lilikuwa mzaha wake wa kila siku. Safari hii yeye hakucheka.

"Sauti inasema 'picha', Mwalimu. Nahama, inasema 'picha'. Nahama tena, 'picha'. Nikibonyeza, kimya."

Mwalimu, kijana mpole mwenye miwani, akaja akashika kipanya, akabofya kitufe cha mviringo kilichoandikwa "Wasilisha". Zoezi likaenda. "Mbona kinafanya kazi?" akauliza. "Kijana, kama robo na thuluthi zimekushinda, tutakaa pamoja nikufundishe. Lakini usiniletee usanii."

Mpelelezi, kiti cha pili, alimtazama kaka yake kwa makini. Vitufe vya mama vimeharibika juma lile lile zilipoanza sehemu? Bahati gani hiyo.

Jioni kaka alisema vile vile nyumbani. Mama aliacha kijiko. Shaka yake ya kwanza aliielekeza kwake mwenyewe, akamgeukia binti yake.

"Ulivijaribu na programu ya kusoma?"

"Nilivijaribu, mama. Vilisema."

Haukuwa uongo mtupu. Viwili vilisema kweli. Msichana alikamata hivyo viwili kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na kwa kuwa hakutaka kutazama chini, akaamini kwamba tawi ni imara.

Mama akaenda chumba cha nyuma, akaliendesha tena jaribio la kompyuta. Alama za kijani zikajaa skrini kutoka juu hadi chini. Alirudi uso umembadilika.

"Mwanangu, kitu kikiwa kigumu sema ni kigumu. Hakuna atakayekucheka hapa. Lakini usiisingizie kazi yangu."

"Sawa, mama," kaka alisema, akaendelea kula.

Tangu jioni hiyo msichana alifungua uchunguzi. Alivichukua vipokea sauti vya kaka begini akavijaribu: vizima kabisa. Wakati wa mapumziko alimwona akicheka na rafiki yake ukutani, akajiuliza mtu mwenye shida hucheka vipi. Kisha siku moja, akipita dirisha la ofisi, alimsikia kaka akimuuliza karani kuhusu ile shule ya bweni. Vitanda vikoje? Wanaruhusu redio?

Kumbe ndiyo sababu. Kaka alitaka kuondoka. Hakuwa anakwepa hesabu tu, alikuwa anajitafutia njia ya kwenda zake, awaache. Usiku na mchana shaka hiyo ilimtafuna. Walipoongozana kwenda shule, yeye mbele na kaka ameshika bega lake, alimjibu kwa neno moja moja.

"Una nini?" kaka aliuliza.

"Sina."

"Basi tembea kama mtu asiye na kitu. Unanikokota kama mkokoteni."

Siku za mwizi ni arobaini, alijisemea, na zako zinakwisha.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha, mwalimu alimruhusu kaka abaki peke yake katika chumba cha kompyuta baada ya masomo. Mpelelezi alitangulia. Alivua viatu, akajibanza nyuma ya kabati lenye skrini mbovu, mahali ambapo pengo dogo lilimwonyesha kompyuta ya kaka yake yote. Alitarajia kumwona amelala juu ya meza, au anasikiliza muziki. Angemkamata, na mchezo ungekwisha.

Kaka aliingia akigusa migongo ya viti kwa fimbo yake, akaketi, akavuta kibodi. Hakuvaa vipokea sauti. Aliacha sauti isikike chumbani. Ikamsomea swali. Akalirudia kwa mdomo, akahesabu kwa vidole, akakosea, akafuta, akahesabu upya. Akaandika jibu. Swali la pili. La tatu. Jasho lilimtoka puani. Msichana aliyafuata majibu kwenye skrini na kuona mengine si sahihi, lakini yalikuwa majibu ya mtu aliyeyatafuta.

Kisha kaka akabonyeza Tab.

"Picha," ilisema sauti.

Akabonyeza tena. "Picha." Tena. "Picha." Akarudi nyuma, akajaribu kila moja kwa kitufe cha Ingiza, kile cha kibodi cha kutoa amri. Hakuna kilichotokea. Akajaribu moja ambayo labda ilikuwa "Wasilisha" na labda ilikuwa "Futa yote", angejuaje? Kimya. Akaanza tena kutoka mwanzo, pole pole, kana kwamba kosa ni la vidole vyake. Mwishowe akanyoosha mkono akauweka bapa juu ya skrini, akaipapasa kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Ilikuwa laini tu.

Msichana akasogeza jicho karibu zaidi na pengo.

"Toka huko," kaka alisema bila kugeuka. "Nimekusikia tangu nilipoingia. Ukijificha unapumua kama ng'ombe mwenye mafua."

Alitoka, viatu mkononi.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuangalia."

"Haya. Umeona nini?"

Kaka akasimama, akampa kiti. "Vua sweta lako ujifunge machoni. Kaa hapa. Wasilisha zoezi langu."

"Kaka..."

"Kaa."

Akakaa. Nyuma ya sweta dunia ilikuwa pamba na giza. Akabonyeza Tab. "Picha." Alijua vizuri kitufe cha "Wasilisha" kilivyo, rangi yake, mahali kilipo, hata kivuli ambacho mama alikichora chini yake. Ujuzi wote huo haukumsaidia chochote. "Picha. Picha. Picha." Alibonyeza Ingiza kwa nguvu, kana kwamba nguvu ingesikilizwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwalimu wao wa Kiswahili aliwahi kuwafundisha. Leo lile kanda alikuwa amelibeba yeye, na halikuwa jepesi hata kidogo.

Akalivuta sweta. "Kwa nini ulimuuliza karani habari za bweni?"

"Kumbe hata hapo ulikuwepo." Kaka alitabasamu kidogo, bila furaha. "Mtu akijua atafukuzwa, si huuliza atakakolala? Sitaki kwenda. Lakini nikienda, nataka redio yangu."

Msichana alitazama vidole vyake. Kwa mara ya kwanza mtuhumiwa alikuwa karibu kuliko alivyopenda. "Kaka, mimi ndiye niliyevijaribu vitufe hivi. Nilimwambia mama nimevijaribu vyote na sauti. Nilijaribu viwili."

"Viwili?"

"Nje walikuwa wanaruka kamba."

Alingoja kelele, na angefurahi kama zingekuja. Kaka alikunja fimbo yake kipande kwa kipande.

"Yaani umempiga mama kamba ndani," alisema polepole, "ukatoka nje ukaruka kamba. Halafu mimi ndiye Msanii."

Alitaka kucheka, lakini sauti ya kaka ilitetemeka mwishoni, na badala ya kucheka akalia.

Walikwenda nyumbani bila kusema mengi. Msichana hakuosha vyombo. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akasimama nyuma ya kiti cha mama, akasema yote: taulo, vitufe viwili, kamba, na lile jibu la mezani lililokuwa nusu kweli. Alisema haraka, maana alijua akipunguza mwendo atasimama.

Mikono ya mama ilitulia juu ya kibodi. Hakugomba. Alifunika skrini kwa shati lililokuwa kitini, akawasha programu ya kusoma, akavaa vipokea sauti, akaanza kubonyeza. Alikwenda hivyo muda mrefu. Alipovivua, hakumgeukia binti yake kwanza. Alimwita kaka.

"Mwanangu, ulisema kweli na mimi nikakuita mwongo. Nisamehe."

Kaka alijikuna shingo. "Si kosa lako, mama. Nimezoea kusingizia."

"Ndiyo. Na siku usiposingizia ndipo unapohitaji sana kusikilizwa. Nisamehe hata hivyo."

Kisha akawaeleza. Vitufe viwili vya kwanza vilikuwa vile vya kawaida vilivyopakwa rangi, na kompyuta ilivijua tangu zamani. Vingine alivichora mwenyewe. Kwa macho ni vitufe. Kwa kompyuta ni picha tu, mpaka uiambie hiki ni kitufe, kinaitwa hivi, na mtu akibonyeza Ingiza kiitike. Alikuwa amesahau kuviambia. Na lile jaribio lake la alama za kijani lilivibonyeza kwa kipanya peke yake, kwa hiyo lisingegundua kamwe.

"Lakini mimi nilikuwa na mtu wa kunigundulia," alisema, na sasa alimtazama binti yake. "Ungesema hukujaribu, ningekuwa na wasiwasi na ningejaribu mimi. Uliposema umejaribu, uliuondoa wasiwasi wangu ukaniachia uongo mahali pake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Kesho utamwambia mwalimu mwenyewe. Mimi nitampigia aliyetengeneza programu ya shule, nimwambie kosa ni langu."

Asubuhi, mbele ya mwalimu wa kompyuta, sauti ya Mpelelezi ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwendea kaka na kumwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka, kisha akaenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba muda uongezwe. Mwalimu Mkuu alikubali, lakini akasema sharti ni lile lile.

Jioni kadhaa zilizofuata chumba cha nyuma kilikuwa na viti vitatu. Mama alikipa kila kitufe jina. Kaka alijaribu, skrini imezimwa kabisa, na msichana alikaa pembeni na skrini ya pili akithibitisha kuwa kilichosikika ndicho kilichopo. Kaka alikuwa mjaribu asiye na huruma. Aligundua kisanduku cha tarehe ambacho ukiingia hutoki, akakiita mtego wa panya. Aligundua kitelezi ambacho kilipokuwa kinapanda, sauti ilisema kinashuka. Kila mara mama alirekebisha, na kila mara kaka alirudi mwanzo.

"Hata vile vilivyopita jana?" msichana aliuliza.

"Hasa vile vilivyopita jana," mama alijibu. "Ukigusa kipande kimoja unaweza kuharibu kingine." Akageuza kiti, akasema, "Sikiliza, binti yangu. Sitaki uache kutilia shaka. Mjaribu asiye na shaka hana kazi. Lakini shaka ina mahali pake. Iweke kwanza kwenye kazi ya mkono wako, uigeuze, uiangalie chini na juu. Ukishamaliza hapo ndipo utazame kwingine. Wewe uliiruka kazi yako ukamrukia ndugu yako. Ukimshuku mtu kabla ya kujishuku, hutafuti ukweli. Unatafuta pa kujificha."

Msichana alifunika skrini yake kwa taulo, akaanza kutoka kitufe cha kwanza.

Programu ya shule ilipoletwa upya, kaka alikaa kwenye kompyuta yake huku Mwalimu Mkuu mwenyewe amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alijibu maswali yake, akabonyeza Tab. "Kitufe. Wasilisha," ilisema sauti. Akabonyeza Ingiza. "Zoezi limepokelewa."

Alama zake zilipotoka hazikuwa nzuri. Robo na thuluthi zilikuwa zimemtesa vilivyo. Kaka alilalamika, akasema labda na kompyuta nayo haijui hesabu.

"Makosa ya kompyuta tumeshayachunguza," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Hizi ni zako, umezipata mwenyewe, na ndicho nilichotaka. Utabaki hapa. Mchana uje kwangu tuanze na robo."